Kazi ya Kumnyang'anya Mzee Picha

Kwa miaka ishirini na tisa Dobi alifua mashuka ya hospitali. Alipostaafu alipata kazi nyingine, ambayo hakuna mtu aliyemwajiri wala kumshukuru: kumnyang'anya mumewe picha. Kazi ya kwanza ilimwachia vidole vilivyokunjamana na hilo jina la utani, ambalo mtaa mzima ulilishika hadi hata posta wakalizoea. Ya pili ndiyo iliyommaliza.

Mumewe alikuwa mchoraji. Alipokuwa kijana alichora simba kwenye kuta za baa na vichwa vya wanaume walionyolewa kwenye milango ya vinyozi, na waliowaona simba hao wanasema walifanana na mbwa wenye homa. Bahati nzuri aliachana nao. Tangu hapo alichora milima, mabonde na mito, ila wewe ukitazama hukuona mlima, bonde wala mto. Uliona mikanda mipana ya rangi imelazwa mmoja juu ya mwingine, kijani kimekwanguliwa hadi wekundu wa chini unachungulia, buluu imeburutwa mpaka ikakatika. Wanaojua mambo huita michoro hiyo dhahania. Fundi seremala wa nyumba ya pili, aliyemtengenezea fremu miaka yote, aliiita "yale mambo ya mzee," na kusema kweli alizijua picha hizo kuliko wanaojua mambo.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja. Asubuhi anakwenda mahali, pengine ukingo wa bwawa, pengine kilima kilicholiwa nusu na wachimba kokoto, anakaa saa tatu nzima bila penseli wala karatasi. Akirudi anafunika turubai lote kwa rangi aliyorudi nayo kichwani. Kesho yake anafunika tena kwa nyingine. Anafunika mara saba, mara kumi, hadi kile alichopaka mwanzo kimezikwa kabisa, na mgeni akiingia wakati huo angeapa kwamba mzee ameharibu kazi. Hapo ndipo anapochukua kikwangulio, kipande cha msumeno mpana alichokisaga meno, akaanza kukwangua toka juu kushuka chini, polepole, sikio limekaribia turubai. Rangi za chini zinatoka moja moja. Akitosheka anasema "Imekwisha," ananawa mikono, anaomba chakula.

"Nafunika ili nipate cha kufukua," alimwambia mkewe walipokuwa bado vijana.

"Hata mimi nipe kazi hiyo," Dobi akamjibu, "ya kuchafua kitu kwa makusudi ndipo nikifue."

Kisha mzee akaanza kusahau. Majina yalitangulia, yakafuata masika na kiangazi, zikafuata funguo na njia ya kutoka dukani. Haya yote Dobi aliyavumilia, maana hospitali alikuwa ameona makubwa zaidi. Lakini siku moja mzee akasahau kusema "Imekwisha." Akafunika, akafunika, akafunika, na kikwangulio kikabaki ndani ya mkebe wa brashi kikishika kutu. Alikwisha kusahau kwamba baada ya kufunika huwa kuna kufukua.

Mwanamke aliyesimamia ukumbi wa maonyesho mjini alikuja kuchukua picha tatu alizoahidiwa. Mtaani walimwita Miwani, kwa sababu miwani yake ilikaa kichwani muda wote na haikuwahi kushuka machoni. Alikuta maturubai matatu yenye rangi ya maji yaliyooshea sufuria.

"Dada," akamwambia Dobi pembeni, "itabidi uwe unamwondolea kabla hajaziua."

"Nitajuaje kwamba imefika?"

"Utajua tu."

Hilo ni jibu la mtu asiye na jibu, na Dobi alilitambua hivyo, lakini hakukuwa na mwingine wa kuuliza. Picha ya kwanza aliiondoa alipoona ndani yake kilima safi chenye mti juu. Alifurahi mno. Miwani aliitazama akasema inafanana na kalenda. Dobi alikasirika siku mbili, kwa sababu jikoni kwake kulikuwa na kalenda ya mwaka juzi yenye kilima na mti, na hakuona ilikuwa na ubaya gani.

Kilichomfungua macho kilikuwa ufuaji. Shuka la chumba cha upasuaji lina mahali pake pa kuachia. Ukiacha mapema, doa linabaki. Ukizidisha dawa, doa linatoka pamoja na kitambaa. Hakuna saa inayokuambia. Unajua kwa mkono, maji yanapobadilika uzito. Basi Dobi akaweka kigoda nyuma ya mumewe, akawa anamenya viazi huku anautazama mkono wake, picha aliiacha kwanza. Akagundua kwamba picha ikiwa bado inadai kitu, mkono huenda moja kwa moja, hauyumbi. Picha ikishiba, mkono unaanza kutangatanga: unaweka brashi chini, unaiokota ileile, unachovya rangi isiyohitajika. Hapo Dobi anasema, "Mzee, chai." Wakifika jikoni, fundi seremala anaingia kwa mlango wa uani, anainua picha, anaweka turubai jeupe mahali pake. Mzee akirudi anapiga makofi. "Aa! Kumbe leo ndiyo tunaanza!"

Kwa njia hiyo waliokoa picha kumi na tisa katika miaka minne. Watu walisafiri kuja kuzitazama. Gazeti moja liliandika kwamba mchoraji amefikia utulivu wa uzeeni, kwamba sasa anajua hasa wapi pa kuishia. Dobi alisomewa habari hiyo karakana kwa fundi, akacheka hadi akashika benchi. Utulivu gani! Wapi pa kuishia palikuwa ni birika la chai. Lakini alipofika nyumbani alimkuta mzee amevaa shati kama suruali, amenaswa, analia kwa aibu, na kicheko kikaishia hapo. Alimvua taratibu, akamwambia hata yeye shati hilo limemsumbua leo.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mzee alimwita jikoni kwa jina ambalo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba hiyo kwa miaka thelathini na minane.

"Mama Kidoti!"

Dobi aliangusha kisu.

Kidoti alikuwa mtoto wao wa pekee, msichana wa miaka minne mwenye alama nyeusi pembeni mwa pua, ndiyo maana wakamwita hivyo. Waliishi mbali na hapa, kwenye mteremko chini ya mlima, katika nyumba ambayo mabati yake yalikuwa na mwezi mmoja tu. Mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumzika. Siku ya nane, saa nne asubuhi, mlima ukashuka. Dobi alikuwa zahanati, mumewe alikuwa akipaka ukuta wa shule. Nyumbani walikuwepo Kidoti na bibi yake, mama mzazi wa mumewe.

Mzee, wakati huo kijana wa miaka ishirini na saba, alichimba siku tatu. Jembe lilipovunjika alichimba kwa mikono. Alisema amemsikia mtoto. Wengine waliweka masikio chini wakasema hapana, ni maji. Siku ya tatu udongo ulianza kusogea tena, na aliyewaambia wanaume wamkamate wamtoe pale alikuwa Dobi mwenyewe. Hakutaka kubaki na makaburi matatu. Walimbeba miguu juu, anapiga kelele kwamba bado kidogo, bado kidogo tu. Saa moja baadaye tope jipya lilifunika shimo lake lote, kwa hiyo kila mtu alimwambia Dobi kwamba alifanya vizuri. Mumewe hakumlaumu hata mara moja. Wala hawakulizungumza tena. Waliacha kuitana Baba Kidoti na Mama Kidoti, wakahama, hawakupata mtoto mwingine. Mzee akachora kila mlima aliowahi kuuona isipokuwa ule.

Na sasa anamwita.

"Njoo uone, Mama Kidoti. Naupaka mteremko wetu. Mtoto akirudi kutoka kwa bibi yake tumwonyeshe."

Dobi alisimama mlangoni, mikono ina maji. Alielewa mara moja, na alichoelewa kilimchoma: mumewe alikuwa amesahau msiba, na kwa kuwa ameusahau, ameweza kuuchora mlima. Turubai lilikuwa limejaa kijani cha aina sita. Hapakuwa na umbo hata moja, ila yeye aliona kila kitu. Aliona mkanda wa shamba la maharage, njia nyekundu ya kwenda kisimani, ukungu unavyokaa katikati bila kupanda wala kushuka. Chini kushoto, kwa upana wa dole gumba, kulikuwa na alama nyeupe inayong'aa. Mabati mapya.

Hawakuwa na picha hata moja ya mahali pale. Kila kitu kilizikwa pamoja na mtoto. Dobi aliitaka picha hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani, na aliamua pale pale kwamba Miwani hataiona. Itakaa chumbani kwake, mbele ya kitanda, mpaka afe.

Angeweza kuiondoa siku ya tano. Mkono haukutangatanga, lakini picha ilikuwa nzuri kiasi cha kutosha. Hakuiondoa kwa sababu mzee alikuwa anazungumza. Aliuliza kama Kidoti amekula. Alisema viatu vyake vimeanza kumbana, wamnunulie vingine. Alilalamika kwamba bibi yake anamdekeza mno mtoto. Na Dobi, aliyekaa na jambo hilo tumboni miaka thelathini na minane kama mtu aliyemeza jiwe, alijibu. Ndiyo, amekula. Ndiyo, viatu nimeviona. Zilikuwa siku tisa za kuwa na mtoto ndani ya nyumba, na haoni haya kusema kwamba alizipenda.

Siku ya kumi mzee alichanganya kahawia. Aliipaka juu kabisa ya turubai, akaanza kuiburuta kushuka. Hakuzungumza siku hiyo. Alipumua kwa nguvu, kwa mdomo. Siku ya kumi na moja kahawia ilifunika shamba la maharage. Siku ya kumi na mbili ilifunika njia ya kisimani, ikasimama vidole vinne juu ya ile alama nyeupe.

Kichwa kilikuwa kimesahau, mkono ulikumbuka. Dobi alitazama kahawia inavyoshuka, akahisi anaangalia mlima wenyewe, safari hii akiwa hapohapo, si zahanati. Alimkimbilia fundi seremala.

"Leo tunainua."

Fundi alikuja, akasimama nyuma ya mzee, akatazama kwa muda. "Haijafika, shemeji," akanong'ona. "Tazama mkono."

Mkono ulikuwa unakwenda moja kwa moja. Haukuyumba hata kidogo. Ilikuwa alama aliyoijua kuliko zote, aliyoigundua mwenyewe, na aliikataa.

"Nimesema tunainua. Mzee, chai!"

"Ngoja kidogo," mzee akasema bila kugeuka.

Hajawahi kukataa chai. Dobi alimshika mkono, akaung'oa. Alimvuta, mzee akajizuia kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo, ikabidi fundi amshike mabega kwa nyuma. "Bado kidogo!" mzee alipiga kelele. "Bado kidogo tu!" Dobi hakusikiliza. Aliinua picha mwenyewe, mbichi, ikampaka kahawia kifuani hadi shingoni, akatoka nayo mbio uani mpaka karakana. Alama nyeupe ilikuwa salama. Alikaa chini kwenye vumbi la mbao akaitazama, akamshukuru Mungu.

Walimwekea mzee turubai jeupe. Hakupiga makofi, hakuligusa. Siku mbili alizunguka nyumba akifungua makabati, akiinua godoro, akitazama nyuma ya mlango. Alipoulizwa anatafuta nini, alimtazama mkewe kama mtu anayemwonea huruma anayeuliza.

Siku ya tatu asubuhi Dobi alikuwa uani akianika nguo. Alisikia sauti ya chuma, polepole, krr, krr. Aliingia. Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta, palepale picha ilipokuwa imeegemea, kikwangulio mkononi, sikio limekaribia lipu. Alikuwa amekwangua rangi ya ukuta, akamaliza lipu, amefika kwenye tofali. Kucha zake zilikuwa zinatoka damu.

"Mzee! Unafanya nini?"

"Udongo ulikuwa umeshashuka," akasema. "Nilikuwa namalizia kuufunika mteremko. Ilibaki kufukua tu. Nani kauondoa?"

Zaidi ya miaka arobaini Dobi ameishi na mtu anayefunika ili apate cha kufukua, amemenya viazi nyuma ya mgongo wake, amejisifu moyoni kwamba anaujua mkono wake. Na alipoona kahawia inashuka, aliona maangamizi tu. Mzee alikuwa anakwenda kuifunika nyumba ndipo aifukue. Alikuwa anakwenda kumtoa mtoto. Na yeye amemtoa mumewe pale shimoni, kwa mara ya pili.

Alikimbia karakana. Yeye na fundi wakairudisha picha, wakaisimamisha mbele ya mzee. "Hii hapa, mzee. Hii hapa. Endelea."

Mzee aliitazama jinsi mtu anavyotazama kipande cha ubao. Akaisukuma ikaanguka kifudifudi. "Ondoeni hiki, kinaniziba." Akarudi kwenye tofali. "Mama Kidoti, shika huku. Nimemsikia."

Fundi aliinama amshike kwapani.

"Mwache," Dobi akasema.

"Shemeji, anaumia."

"Nimesema mwache!"

Fundi alitoka nje. Dobi alichukua kisu cha viazi, akapiga magoti kando ya mumewe, akachimba. Hana ujuzi wa kuta. Kisu kiliteleza, kikamkata. Walichimba mpaka jua likafika kwenye dirisha la pili. Lipu iliwajaa nyweleni. Mara mbili mzee aliinua kidole kumnyamazisha, akasikiliza, akaendelea. Mwishowe nguvu zilimwisha, akaegemeza paji la uso ukutani.

"Tumechelewa?" akauliza.

Kwa miaka thelathini na minane Dobi alikuwa na jibu la swali hilo. Hakulitoa.

"Hatujachelewa," akasema. "Tumemtoa."

"Mzima?"

"Mzima. Ana vumbi tu. Nimemwogesha, amelala."

"Na mama?"

"Na mama pia. Yuko naye."

Mzee alilia, huku anacheka, huku anambusu mkewe viganja vyenye lipu na damu. "Ningeacha," alisema. "Bila wewe ningeacha." Dobi alimshikilia, na maneno hayo yakamwingia kuliko lawama yoyote ambayo mume huyo angeweza kumpa na hakumpa.

Hakuchora tena. Aliishi miezi mitano mingine, mikono imetulia mapajani. Miwani alikuja, akaiona picha chumbani, ikiwa na kahawia yake vidole vinne juu ya alama nyeupe. Alisema hajawahi kuona kazi iliyokamilika namna hii, haihitaji kitu zaidi. Dobi alimwambia haijakwisha, na kwamba kama anataka kubaki rafiki wa nyumba hii, atoke. Ukuta hawakuuziba.

Kila asubuhi mzee alipofumbua macho aliuliza jambo moja.

"Ameamka?"

"Bado," Dobi alijibu. "Mwache alale, amechoka."

"Ndiyo, mwache," mzee alisema, akatabasamu, akakubali kunyweshwa uji.

Asubuhi moja hakuuliza. Dobi alingoja ameketi ukingoni mwa kitanda, kikombe mkononi, kisha akamgusa shavu, akajua. Alikiweka kikombe chini. Akamfunga macho kwa vidole vyake vilivyokunjamana, akamwinamia sikioni.

"Bado amelala, Baba Kidoti," akamwambia. "Nenda wewe ukamwamshe."